Cheti cha kwanza: LPIC-1 au RHCSA?
Mdogo wangu, umesema Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, unaijua kiasi, ila pesa uliyonayo ni ya mtihani mmoja tu. Basi chukua RHCSA, cheti cha Linux cha kampuni ya Red Hat. LPIC-1, cheti cha shirika la Linux Professional Institute, ina mitihani miwili, 101 na 102, na kila mmoja unalipiwa. RHCSA unakalishwa kwenye mashine ufanye kazi yenyewe: fungua akaunti za watumiaji, ongeza nafasi ya LVM (njia ya kugawa nafasi ya diski), rekebisha SELinux (ulinzi wa ndani wa Linux). Alama 210 kati ya 300 zinakuvusha.

Wengi huangukia hapa: umeunganisha diski vizuri, ukasahau kuiandika kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka. Mashine ikiwashwa upya, diski haionekani, na alama zimekwenda. Kwa hiyo kila zoezi ukilimaliza, zima, washa, kagua. Fanyia mazoezi kwenye Rocky Linux, mfumo unaofanana na ule wa Red Hat, ni bure. Usilipie mtihani mpaka uweze mazoezi hayo bila kuchungulia mtandaoni.