Mwanangu, hewa haina askari lakini ina wapimaji

Mwanangu Zubeda,

Salamu nyingi kutoka Walukuba, hapa Jinja. Hatujambo wote, na mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza: ikiwa hewa, mvua na bahari kuu havina mwenyewe, wala duniani hakuna serikali moja ya kumkamata anayeviharibu, hii mikataba wanayotia saini wakubwa inamsaidia nani? Umesema wanafunzi wako wa Sinia Foo hawaiamini, na wewe mwenyewe umeanza kusitasita.

Mimi naiamini, maana mmojawapo ulinifuata mpaka kwenye meza yangu ya ufundi.

Nilipoanza kazi ya friji, gesi yetu ilikuwa R12, ile ya mtungi mweupe. Kwa fundi ilikuwa gesi nzuri mno: haiwaki, haina harufu, haimdhuru aliye karibu nayo. Ubaya wake ni kwamba ikivuja haiozi. Inakaa hewani miaka na miaka, inapanda taratibu hadi juu kabisa, huko jua linaivunja na klorini yake inakula ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali. Mario Molina na Sherwood Rowland walilisema hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila mwaka. Tarehe 16 Septemba 1987 nchi zikatia saini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kupunguza gesi zinazokula ozoni, na leo hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa isiyokuwemo.

Ilishika kwa nini? Kwanza, nchi iliyobaki nje haikuruhusiwa kuuziana gesi hizo na zilizomo, kwa hiyo kukaa nje kulikuwa hasara. Pili, nchi maskini kama Uganda yetu zilipewa miaka zaidi ya kujiandaa, na mfuko uliochangiwa na matajiri ukalipia mafunzo na mashine. Hili la pili ndilo naliheshimu zaidi, kwa sababu mtu hawezi kuacha kitu kinachomlisha kwa kuambiwa tu.

Dukani tuliiona R12 ikiadimika, bei ikapanda, mtungi wa samawati wa R134a ukashika nafasi. Haikuwa kubadilisha mtungi tu. R134a haichanganyiki na mafuta ya zamani ya kompresa. Ukiijaza hivyo hivyo, mafuta yanabaki kwenye mabomba, hayarudi, na kompresa inakauka hadi inakufa. Ilibidi mafundi tujifunze upya: kumwaga mafuta, kusafisha mabomba, kuweka mafuta yanayokubaliana na gesi mpya. Wanafunzi wako wakidhani mkataba ni karatasi ya Ulaya, waambie mkataba huo uliwahi kubadilisha hata mafuta ya kompresa Jinja.

Kuhusu askari, sikiliza hili. Mwaka 2018 wapimaji wa hewa waligundua kwamba gesi nyingine ya jamii ya R12, iitwayo CFC-11, haipungui kwa kasi iliyotarajiwa. Kuna mtu alikuwa anaitengeneza kwa siri. Mwaka uliofuata vipimo vya vituo vya Korea Kusini na Japani vilionyesha kwamba sehemu kubwa inatoka mashariki mwa China. Serikali ya China ikakaza msako, na kiwango kikashuka tena. Hakuna aliyevuka mpaka na bunduki. Hewa yenyewe ilitoa ushahidi, kwa kuwa kulikuwa na watu wanaoipima kila siku.

R134a nayo haili ozoni, lakini inashika joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana kwa jirani zetu, Kigali, zikakubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo. Sasa friji nyingi mpya zinakuja na R600a, ambayo inawaka, kwa hiyo fundi anajifunza tena.

Sikufichi kwamba si kila mkataba una nguvu hiyo. Gesi za friji zilitoka kwenye viwanda vichache. Hewa ya ukaa inatoka kwenye bodaboda, tanuri la saruji, kila kitu. Mkataba wa Paris wa 2015 unaiachia kila nchi iandike ahadi yake, na asiyetimiza hatozwi chochote. Hapo vijana wako wana haki ya kukasirika. Hata mkataba wa nchi za bonde la Nile kuhusu maji yake, uliofunguliwa kwa saini Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, na Misri na Sudan hazimo.

Lakini linaloninyima usingizi ni mvua. Ziwa letu hili la Viktoria linajazwa zaidi na mvua inayolinyeshea kuliko mito yote inayoingia, na sehemu ya unyevu wa mvua za Uganda hutoka msitu wa Kongo. Mkataba wa Nile unahusu maji yakishakuwa mtoni na ziwani. Mvuke unaopanda kutoka kwenye miti ya jirani hauna fungu lake. Tunawadai matajiri walipe kwa moshi wao, na tuna haki. Basi na sisi tunaoishi kwa mvua ya msitu huo tuketi na Wakongo, tuwaulize wanahitaji nini ili usikatwe, na tuchangie tulichonacho. Kikao hicho kingefaa kiitishwe Entebbe, na wanafunzi wako wangeweza kuanza kwa kumwandikia mbunge wao.

Baba yako,
Jinja