Barua kwa Mwanangu: Mbuzi Ishirini za Nazi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unaniuliza uanze na maktaba au na penseli, kwa kuwa msimamizi wako ameirudisha rasimu ya tasnifu akisema kwamba michoro yako 30 ya mbuzi ya nazi inapendeza, ila utafiti wenyewe hauonekani. Mimi si mtu wa tasnifu, ni seremala. Hata hivyo, naona jambo la kuuliza kwanza si lipi litangulie, bali ni nani alikuwa akikuna nazi mbele yako ulipochora mchoro wa kwanza.

Zile mbuzi 20 zilizorudi kwa mkokoteni unazijua kama kichekesho cha mama yako. Mimi sijawahi kukusimulia. Mwaka aliozaliwa mdogo wako, watu wa mradi mmoja waliniagiza mbuzi ya kisasa, ndefu, ili mwanamke akune akiwa ameketi kitini bila kuumia mgongo. Nilijifungia karakanani, nikachora, nikaipandisha hadi sentimita 60, nikaipiga msasa miguu yote minne mpaka ikawa laini kama kioo. Siku zote hizo haikuingia karakanani hata nazi moja.

Ziliporudi, bibi yako alikuwa amekuja kutoka Pangani kumwona mtoto. Nilimwekea moja mbele yake. Kila alipokandamiza nazi, mbuzi ilirudi nyuma, kwa sababu hakuna aliyeikalia, na nusu ya nazi ikatapakaa nje ya sinia. Hakusema neno. Akaivuta mbuzi ya mama yako, ile ya kukunja, ambayo haizidi shibiri moja kutoka chini, akaikalia upande, uzito wake ukaishika. Nilitazama. Macho yake yalikuwa kwa mjukuu. Kazi ilifanywa na sikio. Meno ya chuma yanapokaribia kifuu mkwaruzo hubadilika, na hapo hapo aliizungusha nazi, kabla ya chenga za kahawia kuanguka kwenye sinia na kulitia tui weusi. Nilipomuuliza anajuaje wakati wa kuizungusha, alijibu, “Najua tu.” Kisha akaniuliza kama miaka yote niliyokula wali wake sikuwahi kumtazama hata siku moja.

Swali hilo bado linanichoma. Ndiyo maana sichoki kukwambia kwamba mikono hujibu kabla ya mdomo. Ungempa bibi yako dodoso, angeandika “najua tu”, nawe ungeondoka na karatasi safi.

Uliniandikia habari za zile almasi mbili za Baraza la Usanifu la Uingereza, mchoro unaoonyesha hatua za kubuni kitu: ya kwanza hupanuka kwa kutafuta na kusinyaa kwa kulibainisha tatizo, ya pili hupanuka kwa kubuni na kusinyaa kwa kukamilisha. Nilicheka peke yangu, maana mimi niliruka moja kwa moja hadi ya pili, na michoro yako 30 nahisi imetoka hukohuko. Nenda kwanza jikoni kwa watu, na daftari na futi. Andika saa, urefu wa kikalio, mkono unaozungusha, sinia ilipokaa, mara ngapi mtu ananyanyuka. Kisha chora, tengeneza mfano wa maboksi, urudi nao kwa watu walewale, na ule utakaokataliwa usiutupe: uandikie tarehe na sababu. Ukiona kifundo cha mkono kimevimba, maktaba utaikimbilia mwenyewe, kwa sababu utakuwa na la kuuliza.

Lakini nisijidanganye. Kutazama peke yake kungenionyesha mikono ya siku ile tu. Miaka mingi baadaye magoti ya bibi yako yalipokataa, akishashuka chini hawezi kuinuka bila kushikwa, aliniita akaniomba ile “ndefu yako”. Hakuwa akinitania. Nami nilikuwa nimekwisha kuzikata zote kwa hasira, nikazifanya viota vya kuku. Nilimwahidi nyingine, nikachelewa, nawe unajua mwaka ule ulivyokwisha. Kwa hiyo watu wa mradi hawakukosea waliposema kwamba mwili unaumia. Walikosea, nami pamoja nao, kwa kutouliza ni mwili wa nani, na wa umri gani. Huenda mikono hujibu kabla ya mdomo, ila magoti hujibu baadaye sana, na hilo sijui utaliweka katika almasi ipi.

Unataka pia niseme kama uiache michoro yote uanze upya. Ulimi unaniwasha. Nimeitazama mmoja mmoja chini ya taa na maoni ninayo, lakini nitayameza mpaka utakapokuwa umeketi asubuhi mbili jikoni kwa shangazi yako Pangani. Nitasema tu kwamba ule wa saba una miguu minne.

Mguu mmoja wa zile mbuzi 20 bado unashikilia dirisha la stoo. Ukija likizo, njoo na futi.

Baba yako