Filta ya oili ya pikipiki: usiulize kampuni kwanza

Wenye pikipiki, hasa walioanza juzi kumiliki boda, huniuliza filta ya kampuni gani ndiyo nzuri. Mimi huwauliza kwanza: pikipiki yako ina filta ya aina gani? Wengi hawajui, na muuzaji wa spea hana sababu ya kukuzuia usinunue kitu ambacho injini yako haina hata pa kukiweka.

Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani kwetu, za cc 125 na 150, zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125. Honda waliitoa injini ile mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na matunzo ni ya kubahatisha. Humo kwa kawaida hakuna filta ya karatasi. Kuna wavu wa chuma unaozuia takataka kubwa zisifike kwenye pampu ya oili, kisha kuna kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), upande wa kulia, kinachozunguka nayo. Oili ikipita ndani yake, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda ukutani kama ukoko wa ugali.

Mtindo huu ni mzuri kwa sababu hauna cha kununua. Ubaya wake ni kwamba sehemu yake moja haisafishwi. Wavu unatoka kirahisi, unauosha kwa petroli na kuurudisha, lakini kikombe kiko nyuma ya kifuniko cha upande wa klachi. Kukifikia lazima ufungue kifuniko chote na uweke gasketi mpya, kwa hiyo fundi anayelipwa kwa kumwaga oili hatagusa huko. Ushauri wangu: siku unayobadilisha sahani za klachi, kifuniko kinakuwa kimeshafunguliwa, basi simama hapo hapo na umwambie afungue na kikombe. Utashangaa tope litakalotoka.

Sasa kundi la pili, lenye filta ya karatasi. Suzuki GN125 na ndugu zake wa Kichina wamo, Boxer ya cc 150 imo, na nyingine nyingi. Filta ni karatasi iliyokunjwakunjwa kuwa mviringo, imekaa nyuma ya kifuniko kidogo pembeni mwa injini. Ukiwa na kitabu cha pikipiki, utaikuta kwenye ratiba ya matunzo. Ukiwa huna, muulize fundi aliyewahi kuifungua injini ya aina hiyo, siyo anayekisia.

Dukani nenda na ile ya zamani mkononi. Kariakoo nimesikia mara nyingi "bosi, hii inaingia zote", na kuingia kweli inaingia. Tatizo ni kwamba filta fupi kidogo nayo inaingia. Kifuniko kitafunga vizuri, hakuna kitakachovuja, lakini oili itapita kwenye upenyo wa pembeni bila kuchujwa. Ziweke zote mbili mezani, zisimame bega kwa bega. Linganisha urefu, upana, na tundu la katikati. Tazama kama tundu liko pande zote mbili au upande mmoja tu. Bonyeza mpira au kitambaa kinene cha kwenye ncha: ndicho kinachoziba ule upenyo, na kikiwa kigumu kama plastiki kavu, rudisha. Halafu angalia gundi inayoshika karatasi na kifuniko chake. Filta feki mara nyingi hujitambulisha hapo, gundi imeruka sehemu au mikunjo imelala upande mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa sana. Filta nyingi za karatasi huchuja kutoka nje kwenda ndani, maana yake tundu la katikati ndiyo upande safi. Chochote kilichomo humo kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi na kamshafti (mhimili unaofungua vali). Sasa fikiria filta iliyotundikwa kwenye msumari mlangoni mwa duka, pembeni ya barabara ya vumbi, bila mfuko. Hata iwe orijino kutoka kiwandani, mimi siinunui. Afadhali ya bei nafuu iliyofungwa vizuri na yenye vipimo sahihi, ukaibadilisha kwa wakati, kuliko ya jina kubwa iliyokula vumbi.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubali filta ya karatasi ipulizwe kwa kompresa au ioshwe kwa petroli ili irudishwe. Mafundi hufanya hivyo kwa nia njema, wanamwokolea mteja hela. Lakini upepo unaweza kuchana karatasi pasipoonekana, na uchafu uliokuwa nje ukasukumwa ndani. Wavu wa chuma osha upendavyo. Karatasi tupa.

Ukinunua filta, nunua na oringi, yaani pete za mpira za kuzibia. Kwenye injini za aina ya GN kuna oringi kubwa ya kifuniko na nyingine ndogo huko ndani. Kubwa ikichakaa utajua, oili itakuwa imelowanisha injini. Ndogo ikisahaulika au ikikatika hutaona dalili yoyote nje. Uliza kwa jina, "nipe na oringi zake", usikubali kurudishiwa za zamani kwa sababu "bado nzima".

Upande wa kuweka nao una uzito wake. Filta yenye tundu upande mmoja ikigeuzwa inaweza kuzuia oili isipite. Kabla fundi hajaichomoa ya zamani, piga picha kwa simu jinsi ilivyokaa, pamoja na springi yake kama ipo. Filta nyingine zimeandikwa upande wa nje, zisome. Bolti za kifuniko ni ndogo na zimeingia kwenye aluminiamu. Ukizikaza kwa hasira, uzi unang'oka na hapo utatafuta fundi wa kuchonga.

Kwa pikipiki kubwa zenye filta ya kopo, ile ya chuma inayozungushwa kwenye injini kama kifuniko cha chupa, neno moja tu: usichukue ya gari kwa kuwa imeshika. Uzi wa milimita 20 wa pikipiki nyingi za Kijapani na ule wa robo tatu ya inchi wa Toyota nyingi unakaribiana kiasi cha kudanganya mkono. Inaweza kuanza kushika, lakini nyuzi hazilingani.

Nibadilishe lini? Oili ya gari kwa kawaida inahudumia injini peke yake, wakati kwenye pikipiki nyingi oili hiyo moja inaosha injini, gia na klachi, nayo ni kama lita moja tu, kwa hiyo huchafuka upesi. Kwa boda inayoshinda barabarani, mimi nabadilisha filta kila nikimwaga oili. Pikipiki ya kwendea kazini inaweza kubadilishiwa filta kila baada ya kumwaga oili mara mbili. Injini mpya au iliyotoka kufanyiwa ovahoo usiiruke hata kidogo, maana ndipo vyuma vinaposuguana na kuzoeana.

Filta kuukuu usiitupe kabla ya kuisoma. Kata karatasi kwa wembe, ikunjue juu ya kitambaa cheupe, pitisha sumaku. Ungaunga mweusi usio na chembe ni vumbi la klachi na oili iliyoungua, hilo ni la kawaida. Vumbi laini la kijivu linalometameta kidogo, kwa injini mpya, lisikutie hofu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine: vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma, huenda vinatoka kwenye gia au beringi, na vya rangi ya shaba huenda vinatoka kwenye bushi. Viweke kwenye kikaratasi, mpelekee fundi kabla hujaiwasha tena.