Viwanda vya pamba vya India vilikulia penye upenyo

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo viwanda vya nguo vya India vilijengwa na Mwingereza au vilisimama bila hisani yake. Kwa maoni yangu, vilikulia katika upenyo wa soko ambao Lancashire, jimbo la viwanda vya nguo la Uingereza, haikuujali, na ulipoanza kupanuka serikali ya kikoloni ikaubana kwa ushuru.

Mtaji kwa sehemu kubwa ulikuwa wa Wahindi wenyewe. Cowasji Nanabhai Davar, mfanyabiashara Mparsi (wa jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi), aliunda kampuni ya kusokota uzi mjini Bombay mwaka 1854, na Ranchhodlal Chhotalal akafungua kiwanda chake Ahmedabad mwaka 1861. Mchango wa Mwingereza ninaoukubali ni wa mitambo: mafundi wa Oldham, mji wa Lancashire, hawakusita kumuuzia mashine mshindani wa jirani zao, maadamu alilipa. Reli nazo, ingawa zilikusudiwa zaidi kupeleka marobota ya pamba ghafi bandarini, zilimwezesha mfanyabiashara Jamsetji Tata kujenga kiwanda karibu na mashamba ya pamba, huko Nagpur.

Kwa kuwa pamba ya India ilikuwa na nyuzi fupi, ilifaa zaidi uzi mnene, ambao uliuzwa kwa wingi China na kwa wafumaji wa mikono wa India kwenyewe. Vitambaa vizito vya Bombay vilifika hata Zanzibar, vikashindana na merikani. Nguo laini ziliachiwa Manchester, jiji kuu la nguo la Lancashire.

Hata hivyo, Manchester haikuridhika. Tata alikipa kiwanda chake, kilichofunguliwa mwaka 1877, jina la Empress kuenzi cheo kipya cha Malkia Victoria, cha mtawala mkuu wa India, lakini heshima hiyo haikuwafaa kitu wenye viwanda, kwani mwaka 1882 ushuru wa forodha kwa nguo za Uingereza ulifutwa. Upungufu wa fedha ulipoilazimu serikali kuurudisha mwaka 1894, wafumaji wa Lancashire walilalamika, na mwaka 1896 ukapangwa kuwa asilimia 3.5, huku nguo za viwanda vya India zikitozwa kiwango hicho hicho nyumbani kwao, zikiwemo zile nzito ambazo Lancashire haikushindana nazo. Sijui serikali gani inayolea viwanda vyake namna hiyo. Ni mwaka 1917 tu, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifanya serikali ihitaji fedha za India, ndipo forodha ilipopandishwa hadi asilimia 7.5 bila kuongeza ushuru wa ndani, ambao haukufutwa kabisa hadi mwaka 1926.