Sindano ya homa ya kurithi: nani anaihitaji?

Shikamoo daktari. Mwanangu hushikwa na homa kali na tumbo kila baada ya wiki chache. Siku ya tatu anaamka mzima, anadai ugali. Malaria hawaioni. (Mama, Kondoa)

Marahaba mama. Homa ya kuja na kuondoka yenyewe hivyo inaweza kuwa homa ya kurithi ya Mediterania. Huwapata zaidi wenye asili ya Kituruki, Kiarmenia, Kiarabu au Kiyahudi, kwa hiyo ukiulizwa habari za ukoo usishangae. Andika tarehe za homa zote kwenye daftari, uende nalo kwa daktari wa watoto.

Nasikia homa hii ina sindano za kibayolojia, yaani dawa zitokanazo na chembe hai. Mbona mimi napewa kolchisini, dawa ya gauti? (Kijana, Kongwa)

Kwa sababu matibabu huanzia hapo, na wengi huwatosha. Imetumika kwa ugonjwa huu tangu 1972. Pamoja na kuzuia homa, inazuia protini ya amiloidi isijazane kwenye figo, na hilo ndilo la kuogopa zaidi. Basi meza kila siku, hata ukiwa mzima. Nionavyo, dawa mara nyingi husingiziwa kushindwa kumbe mgonjwa anaruka dozi.

Mojawapo ya sindano ulizosikia, kanakinumabu, huizuia interlukini-1 beta, kemikali ya mwili inayochochea homa. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu 2016. Huchomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki 4, kwa ambaye kolchisini imeshindwa kweli au imemkataa. Bei yake, nisikufiche, inatisha hata Ulaya.

Jambo jingine: ukienda duka la dawa, sema unatumia kolchisini. Ikikutana na klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, inaweza kuwa sumu.

Sikohoi. Kwa nini wanipime TB kabla ya sindano? (Msomaji, Dodoma mjini)

TB hulala mwilini miaka mingi bila kikohozi, na dawa inayopunguza kinga inaweza kuiamsha. Ikionekana, hutibiwa kwanza. Uliza pia kuhusu chanjo: zenye vijidudu hai, kama ya surua, hazichomwi ukiwa kwenye sindano hizi.

Ndugu yangu anaweza kunitumia sindano hiyo kwa basi kutoka Dar hadi Mpwapwa? (Mama wa Mpwapwa)

Kwenye buti, hapana! Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Aje nayo mkononi, ndani ya boksi la baridi, barafu isiiguse. Ikifika imeganda, usiichome, wapigie waliokuandikia.