Barua kwa mwanangu: mzinga mmoja kwenye meli ya mita 90

Kiboriloni, Moshi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo asubuhi nilipotoka shambani nikaitazama tena ile picha ya meli uliyonitumia. Umeniuliza hivi: meli ya doria ya Waingereza, HMS Trent, ina urefu wa mita 90 na nusu, lakini mbele ina mzinga mmoja tu wa milimita 30. "Baba, hiyo si pesa iliyotupwa majini? Si bora wangeunda boti kumi ndogo zenye kasi?" Kwa kuwa unasomea injini za meli, na mimi nimeshinda miaka kumi na tisa kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo, Tanga hadi Mtwara, swali hili sitaki kulijibu kwa simu.

Babu yako alikuwa na zamu ya kulinda mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Usiku alipanda nao juu, mundu mkononi, kuangalia asije mtu akayageuza maji ya walio chini. Sijasikia kuwa alimkata mtu. Maji yalifika migombani kwa sababu kila mmoja alijua kuna anayepita, na hakujua atapita saa ngapi. Meli ya doria inaundwa kwa kazi kama hiyo. Kwanza iweze kukaa baharini, kisha iweze kumfikia mtu na kumkagua. Mzinga unakuja baada ya hayo.

Sasa tuje kwenye injini, maana hapo ndipo ulipokosea. Ukitaka meli iende kasi mara mbili, nguvu unayohitaji haiwi mara mbili. Inakaribia mara nane. Safari inachukua nusu ya muda, kwa hiyo kila maili inakula mafuta kama mara nne. Trent inaweza kufika noti 24, yaani maili 24 za baharini kwa saa, na inaweza kwenda maili za baharini 5,500 bila kujaza mafuta, lakini haiwezi yote mawili kwa pamoja. Siku nyingi inajikokota taratibu, na ule mwendo mkubwa umewekwa akiba kwa saa ya kufukuza. Boti zako kumi zingemaliza mafuta yao kwa kwenda na kurudi tu.

Halafu kuna kusi, ule upepo mkali wa kusini. Julai moja tulitoka Mafia na meli fupi, kila wimbi tunalidondokea, na vijana wawili wa chumba changu walitapika mpaka hawakuweza kushika spana. Chombo kirefu hulala juu ya mawimbi, hakitumbukii kila bonde. Na mtu wa doria anatakiwa kushuka kwenye boti ya mpira, kuifuata meli inayoshukiwa, kisha kupanda ngazi ya kamba ikiwa inayumba. Aliyetapika siku mbili hapandi. Kwa hiyo zile mita 90 unazoziona ni tumbo la baharia lililotulia, ni sitaha ya kutua helikopta, ni vitanda vya ziada vya askari, ni chakula cha wiki kadhaa. Waingereza pia huwazungusha mabaharia, baadhi wakiwa likizo na wengine kazini, ili chuma chenyewe kisipumzike. HMS Tamar na HMS Spey, ndugu zake Trent, ziliondoka Portsmouth Septemba 2021 kwenda Bahari ya Hindi na Pasifiki bila kupewa bandari moja ya kudumu huko.

Hapa kwetu jambo hili tumeliona kwa macho. Wewe ulikuwa mdogo, lakini "samaki wa Magufuli" lazima umewasikia. Machi 2009, meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya ukanda wetu wa uchumi wa bahari ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Iliyoikamata ni Sarah Baartman, meli ya Afrika Kusini ya kulinda uvuvi, si ya jeshi, ikiwa kwenye doria ya pamoja na nchi jirani. Kesi ilikwenda mbali, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu. Lakini ile siku yenyewe baharini ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu: bahari ni yetu, na tulihitaji meli ya mwenzetu ili tufike. Ukanda wetu ni kilomita za mraba kama 223,000. Chukua Mkoa wa Kilimanjaro, uupange zaidi ya mara kumi na sita. Mwaka 2015 jeshi letu lilipokea meli za doria Mwitongo na Msoga kutoka China, na mimi nilifurahi kama nimepokea ng'ombe.

Hata hivyo usidhani naisifu Trent kwa kila kitu. Ina sitaha ya helikopta lakini haina banda la kuihifadhi. Nimeona chumvi inavyokula chuma kilichopakwa rangi mwezi uliopita tu. Helikopta iachwe nje wiki tatu? Waholanzi walifikiri vizuri zaidi kwenye meli zao za aina ya Holland. Ni ndefu zaidi, mita 108, zina banda, na mwendo wake haufiki hata noti 22. Mbio wamewaachia helikopta na boti za kasi, moja ikiteremkia kwenye mteremko uliochongwa nyuma kabisa, shetrini. Mimi ningepewa kalamu, ningefuata huko, niache noti mbili nipate paa.

Mama yako anakusalimu, ameshakaanga ndizi za kukutumia na basi la Ijumaa.

Kabla hujaniandikia tena, panda kivuko cha Kigamboni siku moja jioni, usimame karibu na injini. Nahodha akiongeza mwendo katikati ya mkondo, sikiliza injini inavyolalamika, kisha utazame ufukwe uone mmeongeza kasi kiasi gani. Uniambie.

Baba yako