Hasi 6 niliyoifuta: kwa mdogo wangu anayeanza uhandisi

Jaribio la kwanza la mekanika nilipata 9 kati ya 30. Nilikuwa nimetoka kidato cha sita na daraja la kwanza la PCM (fizikia, kemia na hisabati), nyumbani wameshaanza kuniita injinia, na karatasi ile niliikunja mara nne nikaisokomeza kwenye mkoba kabla mtu hajaiona. Kama umechaguliwa kusoma uhandisi mwaka huu, naomba nikueleze kilichotokea kwenye karatasi hiyo.

Swali lilikuwa la boriti yenye urefu wa mita 6. Egemeo moja liko mwisho wa kushoto, la pili liko mita 4 kutoka hapo, kwa hiyo mita 2 zinaning'inia hewani. Kwenye ncha inayoning'inia kuna mzigo wa kilonyutoni 12. Uzito wa boriti yenyewe usiuhesabu. Tafuta nguvu kwenye kila egemeo. Nikapiga momenti, yaani nguvu mara umbali wake, kwenye egemeo la kushoto: 12 mara 6 ni 72, gawanya kwa 4, egemeo la pili linabeba 18. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Lakini mzigo wote ni 12, basi egemeo la kushoto likabaki na hasi 6. Kuiona ile hasi tu, mikono ikaanza kutoka jasho. Mifano yote niliyoisoma usiku ilikuwa na maegemeo yanayoisukuma boriti juu. Nikafuta. Nikaanza upya, nikageuza ishara, nikalazimisha jibu lifanane na yale niliyoyazoea. Muda ukaisha maswali mawili sijayagusa.

Ilinichukua siku nne kupata ujasiri wa kwenda ofisini kwa mhadhiri. Aliitazama karatasi, akaweka kidole palipochakaa kwa kufutwa, akaniuliza swali moja: "Hapa ulikuwa umepata. Kwa nini ulifuta?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata jioni ile kwenye kimbweta, meza ya kusomea ya nje, kwa mwenzetu aliyeingia chuo kwa stashahada ya ufundi. Alichukua rula ya sentimita 30, akaweka kifutio chini ya mwanzo wake na kingine chini ya alama ya 20, kisha akaikandamiza ncha iliyobaki kwa kidole. Upande wa pili ukanyanyuka. "Haya, zuia usiinuke," akaniambia. Nikaushikilia kwa kidole cha shahada, na nikasikia rula inavyotaka kupanda. Kidole changu ndicho kilikuwa ile hasi 6. Mtoto yeyote aliyewahi kukaa pembeni kabisa ya benchi la shule analijua jambo hili, na mimi nililijua tangu darasa la kwanza. Halikunijia kwenye mtihani kwa sababu swali la namna ile sikuwa nimewahi kuhangaika nalo mwenyewe. Nilikuwa nimesoma madesa, majibu yaliyokwisha kufanywa na waliotutangulia.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana. Desa lina jibu kamili, hatua kwa hatua, kwa mwandiko safi wa kaka wa mwaka wa tatu. Unalisoma saa sita usiku, kila mstari unakubali, unalala ukiamini umeiva. Kesho yake mhadhiri anasogeza egemeo mita 2 tu, na huna pa kuanzia. Sisemi uyatupe; mengine yamekusanywa kwa jasho na yana maswali mazuri kuliko ya vitabuni. Funika jibu kwa daftari. Chora boriti yako kwenye karatasi tupu, weka mishale yote ya nguvu, pambana nalo dakika 20 bila kuchungulia. Ukikwama, andika kwa sentensi moja umekwama wapi, ndipo ufunue. Maswali matatu ya namna hiyo kwa siku yalinisaidia kuliko kurasa thelathini nilizokuwa nazisoma kwa macho.

Karakana itakufundisha jambo hilohilo, kwa ukali zaidi. Utapewa kipande cha chuma, tupa ya kukisugulia na jiliwa ya kukibania, uambiwe kipande kiwe na pembe mraba. Fundi wetu alikuwa mzee mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Ukimpelekea kazi, anaweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya ukingo, anainua vyote viwili kuelekea dirishani, anafumba jicho moja. Mwanga ukipita kati ya guni na chuma anakurudishia: "Bado, mwanangu." Mimi alinirudishia mara saba, viganja vimetoka malengelenge. Mara ya nane mwanga haukupita. Kipande hicho ninacho mpaka leo.

Kaa na watu wa stashahada. Wengi wetu wa kidato cha sita tulikuwa tunajidai kwa sababu hesabu za kalkulasi tulizikuta zimezoeleka, huku wao wakiumia. Lakini mchoro wa kihandisi ulipoanza, sisi ndio tuliokuwa tunaumia. Tulikuwa wanne, tukabadilishana: jioni mbili kalkulasi, jioni mbili michoro. Na tulijadiliana kwa Kiswahili, kisha kila mmoja anaandika majibu yake kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Usione haya kwa hilo. Kitu ulichoweza kumweleza mwenzako kwa lugha uliyokulia kimekuingia kweli.

Mambo ya maisha utayazoea haraka kuliko unavyodhani, hata kubebana kitanda kimoja hosteli. Ila bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, toa kwanza nauli, hela ya steshenari na kikokotoo kizuri, na ya chakula igawe kwa wiki. Nimeona wenye akili kubwa wakisinzia kwenye mhadhara kwa njaa wiki ya mwisho kabla ya bumu jingine.

Nilimaliza mwaka na sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, ya hisabati ya muhula wa kwanza, iliyoniponyoka nilipokuwa bado nasoma kwa macho. Nilimpigia mama siku hiyohiyo nikamweleza. Akauliza kama nakula vizuri, kisha akauliza sapu inarudiwa lini. Nikamwambia Septemba. "Basi njoo usomee huku," akasema. Nikaenda, nikafanya maswali kila asubuhi kwenye meza ya jikoni, nikafaulu. Ukiipata, waambie nyumbani mapema. Kuificha kunachosha kuliko kuisomea.

Kwetu jaribio la kwanza lilikuja wiki ya sita. Wewe anza karatasi zako tupu wiki ya pili, na ukipata hasi, usiifute mpaka umeichora.